Namna ya kuchunguza jeti ya nyota changa nzito kwa darubini za redio: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa fizikia au astronomia mwenye kompyuta ya nguvu ya wastani, intaneti isiyo ya uhakika sana, na hamu ya kufanya utafiti halisi bila kusubiri mpaka nchi yake ijenge darubini yake. Nitafuata mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, yaani jeti inayoitwa HH 80-81, iliyo katika kundinyota la Kausi, ambalo wengine huliita Mshale. Nimeuchagua kwa sababu umechunguzwa kwa zaidi ya miaka thelathini, data zake nyingi ziko wazi kwa kila mtu, na karibu kila kosa linaloweza kufanywa katika kazi hii linaweza kufanywa juu yake.

Kabla ya yote: unatafuta nini

Nyota huhesabiwa kuwa nzito inapozidi takriban mara 8 ya tungamo la Jua. Nyota ya namna hiyo huzaliwa ndani ya wingu zito la gesi na vumbi, hukua upesi, na huanza myeyungano wa haidrojeni wakati gesi bado inaiangukia, hivyo hakuna kipindi cha utoto wake ambacho inaonekana peupe. Vumbi huuzuia mwanga wa kawaida kabisa, lakini mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita hupita humo bila shida, na hiyo ndiyo sababu tunatumia antena badala ya vioo.

Gesi inayoizunguka nyota hujipanga kama sahani. Sehemu yake huangukia nyota, na sehemu nyingine hurushwa nje kupitia ncha mbili za mhimili. Karibu na nyota gesi hiyo iliyorushwa huwa mchirizi mwembamba wenye kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, ambao atomi zake zimenyang'anywa elektroni; huo ndio nitakaouita jeti. Mbali zaidi, jeti huisukuma gesi baridi ya wingu na kuunda mtiririko mpana wa molekuli, wenye kasi ndogo zaidi, ya kilomita chache hadi makumi kadhaa kwa sekunde. Jeti na mtiririko ni pande mbili za tukio moja, lakini huonekana kwa masafa tofauti na kwa mbinu tofauti, na msomaji asizichanganye.

Mawimbi ya redio ya jeti yenyewe ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni mionzi ya joto, inayotokea pale elektroni huru zinapopita karibu na protoni na kupindishwa njia. Aina ya pili ni mionzi ya sinkrotroni, inayotolewa na elektroni zilizoharakishwa mpaka karibu na kasi ya nuru huku zikizunguka katika uga sumaku. Kinachozitenganisha ni fahirisi ya spektra, yaani kipeo kinachoonyesha jinsi nguvu ya mawimbi inavyobadilika kadiri masafa yanavyopanda. Gesi ya joto iliyo nyembamba kiasi cha kupenyeka hutoa fahirisi ya −0.1, ile iliyo nene kabisa hutoa 2, na upepo wa ayoni unaotoka pande zote kwa kasi isiyobadilika hutoa 0.6. Jeti ya joto huangukia kati ya mipaka hiyo. Fahirisi ikishuka kwa uhakika chini ya −0.1, kwa mfano −0.5 au −0.7, joto peke yake haliwezi kuieleza.

Namba hiyo moja ndiyo kiini cha mwongozo huu. Kusema kwamba fahirisi ni hasi ni kudai kwamba nyota ambayo bado inakua imejenga mtambo wa kuharakisha chembe, jambo ambalo kwa muda mrefu lilihusishwa zaidi na masalia ya supanova na mashimo meusi yaliyo katikati ya galaksi. Dai hilo ni zito, na ni rahisi mno kulipata kwa makosa. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zimepangwa ili, utakapofika kwenye namba hiyo, uweze kuitetea.

Hatua ya kwanza: chagua chanzo na uyasome yaliyokwisha kufanywa

HH 80 na HH 81 ni madoa mawili ya gesi inayong'aa, ya aina iitwayo Herbig-Haro (ndiyo HH), yaliyoelezwa mwaka 1988 na Bo Reipurth na John Graham. Mwaka uliofuata Luis F. Rodríguez na Reipurth walionyesha kwamba chanzo cha redio kilicho kwenye IRAS 18162−2048, jina la nyota changa hiyo katika orodha ya vyanzo vya infraredi, ndicho kinachoyasukuma, na mwaka 1993 Josep Martí pamoja na hao wawili walichapisha picha ya jeti yenyewe, iliyonyooka kama uzi kutoka kaskazini hadi kusini, ikiwa na urefu wa parseki 5.3 kwa makadirio ya umbali ya wakati ule, kiloparseki 1.7. Vipimo vya karibuni vinauweka umbali huo kwenye kiloparseki 1.4 hivi, sawa na miaka ya nuru 4,600. Nyota iliyo katikati hutoa mwanga zaidi ya mara 10,000 ya Jua. Mahali pake ni saa 18 dakika 19 sekunde 12.1 za mpando wa kulia na nyuzi −20 dakika 47 sekunde 31 za mteremko, kwa mfumo wa J2000.

Ukitaka chanzo kingine ambacho hakijachimbwa kiasi hicho, anza na orodha ya RMS iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, ambayo imekusanya mamia ya nyota changa nzito za galaksi yetu pamoja na umbali na nguvu ya mwanga ya kila moja. Nataja Leeds kwa sababu kuna uhusiano wa kweli na upande wetu: chuo hicho kiliongoza mradi wa DARA uliowafundisha vijana wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, astronomia ya redio, na mwaka 2019 Mkenya Willice Obonyo pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyota changa nzito 15, katika masafa ya gigahezi 1.5 na 44, wakitafuta hasa mionzi isiyo ya joto katika jeti zake. Makala hiyo ni kielelezo kizuri cha namna ya kuliuliza swali hili kwa kundi la nyota badala ya nyota moja.

Hatua ya pili: amua masafa na mpangilio wa antena

VLA, safu ya darubini za redio iliyoko kwenye uwanda wa San Agustin katika jimbo la New Mexico, Marekani, ina antena 27 zenye kipenyo cha mita 25 kila moja, zinazosogezwa juu ya reli ili kupata mipangilio minne. Mpangilio A una umbali mrefu zaidi kati ya antena, kilomita 36. B una kilomita 11. C una kilomita 3.4, na D una kilomita 1 hivi. Kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo picha inavyokuwa na undani zaidi, lakini ndivyo pia maumbo mapana yanavyopotea. Katika masafa ya gigahezi 6, mpangilio A hupambanua hadi sekunde ya tao 0.33 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi), lakini umbo lolote pana kuliko sekunde za tao 9 hivi haulioni. Mpangilio C katika masafa hayohayo hupambanua sekunde za tao 3.5 na huona maumbo hadi sekunde 240. Ukitaka kuona shina la jeti karibu na nyota, tumia A. Ukitaka kuona mafundo, yaani madoa angavu yaliyotawanyika kando ya jeti nzima, tumia B au C.

Jambo la pili ni ukubwa wa uwanja wa kuona. Kwa VLA, upana wa uwanja kwa dakika za tao ni takriban 42 ukigawanya kwa masafa ya gigahezi. Katika gigahezi 10 unapata dakika 4 na kidogo, katika gigahezi 3 unapata 14, na katika gigahezi 1.5 unapata 28. Jeti ya HH 80-81 ina urefu wa zaidi ya dakika 10 za tao angani, kwa hiyo anayeelekeza antena katikati kwa gigahezi 10 na kutegemea kuona HH 80 ataona nyota yake na mafundo ya jirani tu.

Jambo la tatu ni nguvu unayotarajia. Kuna uhusiano uliogunduliwa kwa kulinganisha jeti nyingi: zidisha 0.008 kwa mwanga wa nyota, kwa vizio vya Jua, uliopandishwa kwa kipeo cha 0.6, kisha gawanya kwa mraba wa umbali kwa kiloparseki, utapata nguvu ya mawimbi kwa milijansiki (elfu moja ya jansiki, kizio cha nguvu ya vyanzo vya redio) katika masafa ya gigahezi 8 hivi. Nyota yenye mwanga wa Jua 10,000 iliyoko kiloparseki 2 itakupa nusu milijansiki. Uhusiano huu una mtawanyiko mkubwa na nyota yetu ya mfano inang'aa kuliko unavyotabiri, lakini unatosha kukuambia kama saa moja ya uchunguzi inafaa. VLA ya sasa, kwa saa moja katika gigahezi 10, hushusha kelele hadi mikrojansiki chache, hivyo chanzo cha mikrojansiki 500 kinaonekana bila wasiwasi.

Kwa chanzo hiki kuna tahadhari ya kijiografia. VLA iko nyuzi 34 kaskazini, na kutoka huko HH 80-81 haipandi zaidi ya nyuzi 35 juu ya upeo wa macho; matokeo yake ni picha inayorefuka kutoka kaskazini kwenda kusini, upande uleule ambao jeti imelala. MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye antena 64 za mita 13.5 katika eneo la Karoo, inakiona chanzo hiki kikipita karibu na utosi, na uwanja wake ni mpana sana, ingawa masafa yake huishia gigahezi 3.5 na undani wake ni mdogo kuliko wa VLA ya mpangilio A. Sisi tulio karibu na Ikweta tunaiona Kausi ikipita juu ya vichwa vyetu usiku wa Julai na Agosti, na hilo si jambo dogo kwa yeyote anayepanga darubini za baadaye za Afrika Mashariki.

Hatua ya tatu: pata data

Huhitaji kuomba muda wa darubini ili kuanza. Data za VLA huwa wazi kwa umma kwa kawaida baada ya miezi 12, na hifadhi yake ya mtandaoni inakuruhusu kutafuta kwa jina la chanzo au kwa mahali pake angani. Tafuta ndani ya duara la dakika chache, kisha upange matokeo kwa tarehe, bendi na mpangilio.

Hapa nina ushauri mahususi kwa anayenunua intaneti kwa bando. Data za VLA baada ya maboresho, yaliyokamilika na darubini kupewa jina la Karl G. Jansky mwaka 2012, zinaweza kufika makumi hata mamia ya gigabaiti kwa uchunguzi mmoja. Data za zamani, za miaka ya 1980 hadi 2009, zilirekodiwa katika bendi mbili nyembamba za megahezi 50 tu, na faili zake ni ndogo kiasi cha kupakuliwa kwa simu. Anza na hizo. Utajifunza kila hatua kwa muda mfupi, na kama tutakavyoona mwishoni, umri wake mkubwa ni faida ya kisayansi. Kwa data mpya, omba hifadhi ikutumie data ambazo tayari zimesawazishwa, yaani zimesahihishwa kwa kulinganishwa na vyanzo vinavyojulikana, kwa mfumo wao wa kiotomatiki, ili kompyuta yako ibaki na kazi ya picha tu.

Programu ya kutumia ni CASA, inayotolewa bure, na hufanya kazi kwenye Linux na Mac. Kwa kutazama picha, CARTA ni nyepesi na inatosha.

Hatua ya nne: safisha na usawazishe

Hata kama data zimesawazishwa na mfumo wa kiotomatiki, fungua plotms, zana ya michoro ya CASA, na uziangalie kwa macho yako. Chora nguvu dhidi ya muda, kisha dhidi ya masafa. Antena iliyokuwa mbovu hujitenga waziwazi na wenzake, na mwingiliano wa mawasiliano ya binadamu huonekana kama miiba mirefu. Katika bendi ya gigahezi 1 hadi 2 satelaiti za GPS peke yake zinakuachia mashimo karibu na gigahezi 1.23 na 1.58, na si ajabu kupoteza sehemu kubwa ya bendi hiyo. Futa bila huruma kile kilichoharibika, kwa amri ya flagdata, lakini andika sababu ya kila ulichofuta.

Usawazishaji wenyewe hutegemea vyanzo rejea viwili au vitatu. Cha kwanza huweka kipimo cha nguvu, na kwa kazi hii 3C 286 ndicho chaguo langu la kwanza kwa kuwa nguvu yake imekuwa tulivu kwa miaka mingi, tofauti na 3C 48 na 3C 138 ambazo hubadilika. Cha pili ni galaksi angavu iliyo karibu na chanzo chako, ndani ya nyuzi kumi hivi, ambayo darubini huirudia kila baada ya dakika chache ili kufuatilia jinsi angahewa inavyopotosha awamu ya mawimbi. Chora masahihisho ya awamu ya kila antena dhidi ya muda. Yakienda taratibu kama mstari unaopinda, uko salama. Yakirukaruka kati ya ziara moja na nyingine, hakuna picha nzuri itakayotoka katika kipindi hicho, na ni heri ukifute sasa.

Hatua ya tano: tengeneza picha

Amri ni tclean. Weka ukubwa wa pikseli uwe sehemu ya tano ya upambanuzi, na picha iwe pana kuliko uwanja wa kuona, kwa sababu galaksi angavu iliyo pembeni huacha mistari inayovuka hadi kwenye jeti yako. Kwa data mpya zenye bendi pana tumia njia ya mtmfs yenye vipengele viwili, ambayo huruhusu nguvu ya chanzo kubadilika ndani ya bendi. Uzito wa Briggs, unaoamua kama picha ipendelee undani au usikivu, wenye thamani ya 0 hadi 0.5 hufaa kwa shina la jeti, na thamani kubwa zaidi hufaa kwa mafundo hafifu.

Chanzo cha kati cha HH 80-81 kina milijansiki kadhaa, hivyo kinaweza kutumika kujisawazisha chenyewe: unatengeneza picha, unaitumia kama kielelezo cha kusahihisha awamu, unarudia. Sahihisha awamu tu, usiguse ukubwa wa mawimbi mpaka ujue hasa unachofanya. Ukikusudia kupima mwendo wa mafundo, hifadhi pia picha ya kabla ya kujisawazisha, kwa maana mzunguko huu unaweza kuhamisha chanzo kidogo kutoka mahali pake pa kweli.

Hatua ya sita: pima fahirisi ya spektra, na hapa usikimbie

Unahitaji picha mbili za masafa tofauti. Chukua nguvu ya fundo katika kila moja, kwa amri ya imfit kama fundo ni dogo na la mviringo, au kwa kujumlisha ndani ya mpaka uliouchora kama limetawanyika. Fahirisi ni logi ya uwiano wa nguvu ukiigawanya kwa logi ya uwiano wa masafa. Hesabu ni ya dakika moja. Mitego iliyoizunguka ndiyo inayotenganisha matokeo mazuri na makosa.

Mtego wa kwanza ni ukubwa wa maumbo. Mpangilio uleule wa antena, ukitumiwa kwa masafa ya juu, huona maumbo madogo zaidi na hupoteza mapana. Fundo lililotawanyika litaonekana kupungua nguvu katika masafa ya juu hata kama halikupungua, na fahirisi itatoka hasi kwa sababu ya darubini. Katika kazi yangu ya kwanza nililinganisha picha mbili bila kuzingatia hili na nikapata fahirisi ya −1.3 kando ya jeti nzima. Nilifurahi kwa wiki moja, mpaka nilipozifanya picha zote mbili zitumie maumbo yaleyale na zaidi ya nusu ya hasi hiyo ikatoweka. Dawa yake ni hii. Chukua mpangilio C, ambao umbali wake mfupi kabisa kati ya antena ni mita 35 na mrefu ni kilomita 3.4. Katika gigahezi 6, ambapo wimbi lina sentimita 5, umbali huo ukihesabiwa kwa idadi ya mawimbi ni kati ya elfu 0.7 na elfu 68. Katika gigahezi 10, ambapo wimbi lina sentimita 3, ni kati ya elfu 1.2 na elfu 113. Eneo la pamoja ni kati ya elfu 1.2 na elfu 68, basi zitengeneze picha zote mbili kwa eneo hilo tu, kisha uzilainishe ziwe na upambanuzi uleule mmoja, na ndipo upime.

Mtego wa pili ni uwanja wa kuona. Antena husikia kwa ukamilifu katikati na hupungukiwa kuelekea pembeni, na upungufu huo ni mkali zaidi kwa masafa ya juu. Mahali ambapo usikivu umefika nusu, upungufu huu peke yake huongeza fahirisi ya bandia ya karibu −1.4 ndani ya bendi moja. Namba hiyo inatisha, kwani inatosha kuibadilisha gesi ya joto ya kawaida kuwa sinkrotroni kwenye karatasi. Sahihisha kila picha kwa usikivu wa antena kabla ya kulinganisha, tumia amri ya widebandpbcor kwa fahirisi ya ndani ya bendi, na uwe na mashaka na fundo lolote lililo nje ya mstari wa nusu.

Mtego wa tatu ni kosa la kipimo na muda. Tuseme fundo lina milijansiki 1.20 katika gigahezi 6 na 0.92 katika gigahezi 10, kila kipimo kikiwa na kosa la asilimia 5, ambalo ndilo la kawaida kwa usawazishaji wa nguvu. Fahirisi ni −0.52, na kosa lake ni 0.14. Unaweza kusema ni hasi, lakini huwezi kuitofautisha vizuri na −0.3. Ukipanua masafa kuanzia 1.5 hadi 10, makosa yaleyale ya asilimia 5 hukupa kosa la 0.04 tu kwenye fahirisi. Upana wa masafa una thamani kuliko saa za ziada za uchunguzi. Ila picha hizo mbili zisiachane kwa miaka mingi, kwani mafundo husogea na shina la jeti hubadilika nguvu.

Kuna pia galaksi za mbali zinazojitokeza nyuma ya wingu, nyingi zikiwa na fahirisi ya karibu −0.7. Fundo lililo kwenye mstari wa jeti, hasa likiwa na mwenzake upande wa pili wa nyota, linastahili imani. Doa lililo kando peke yake halistahili mpaka lithibitishwe kwa njia nyingine.

Ukifanya haya yote kwa HH 80-81 utaona kile ambacho Adriana Rodríguez-Kamenetzky na wenzake walikionyesha mwaka 2017 kwa data za bendi pana: chanzo cha kati kina fahirisi chanya ya mionzi ya joto, na kadiri unavyoifuata jeti kwenda nje, mafundo yenye fahirisi hasi yanajitokeza.

Hatua ya saba: thibitisha kwa polarisheni

Polarisheni ni hali ya mawimbi kutetema zaidi katika uelekeo mmoja. Mionzi ya joto haina polarisheni, ilhali sinkrotroni inayo. Hapo ndipo mbivu na mbichi zinapojulikana. Mwaka 2010 Carlos Carrasco-González na wenzake walichapisha ushahidi kwamba mawimbi ya sentimita 6 kutoka jeti ya HH 80-81 yana polarisheni ya mstari ya kati ya asilimia 10 na 30, na wakakadiria uga sumaku wa takriban miligausi 0.2, ulioelekea kufuata jeti yenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa uthibitisho wa namna hiyo katika jeti ya nyota changa.

Kazi hii inadai usawazishaji wa ziada. Lazima upime uvujaji wa ishara kati ya vipokezi viwili vya kila antena, kwa chanzo kisicho na polarisheni au kwa chanzo kinachofuatiliwa kikizunguka kwa saa kadhaa, kisha uweke pembe sifuri kwa 3C 286, ambayo pembe yake ni nyuzi 33 katika masafa haya ya sentimita. Nguvu ya polarisheni huhesabiwa kwa kujumlisha miraba ya picha za Q na U, ambazo ni vijenzi viwili vya polarisheni ya mstari, na kwa kuwa miraba haiwezi kuwa hasi, kelele peke yake hutoa polarisheni ya uongo. Toa mraba wa kelele kabla ya kuchukua kipeuo, na usichore mshale wowote mahali ambapo ishara ni chini ya mara 3 ya kelele. Kumbuka vilevile kwamba gesi yenye ayoni iliyo njiani huzungusha pembe kulingana na mraba wa urefu wa wimbi, hivyo uelekeo wa uga sumaku usisomwe kutoka masafa mamoja pasipo kuusahihisha mzunguko huo.

Hatua ya nane: uone mtiririko wa molekuli

Sehemu hii ni fupi kwa sababu inahitaji darubini nyingine. Gesi baridi inayosukumwa na jeti hutazamwa kwa mstari wa monoksidi ya kaboni katika gigahezi 230.538, na mahali inapogongwa kwa nguvu hutazamwa kwa monoksidi ya silikoni katika gigahezi 217.105. ALMA ya Chile, yenye antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor ulio mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, ndiyo bora, na data zake nazo zipo wazi. Tenganisha gesi inayokuja kwetu na inayotukimbia, chora kila moja kwa rangi yake, na ulinganishe mhimili wao na wa jeti.

Usiyaache maseri, yaani madoa ya gesi ambayo molekuli zake hukuza mawimbi ya redio kama leza inavyokuza mwanga. Maseri ya methanoli ya gigahezi 6.668 yanajulikana kutokea kwenye nyota changa nzito tu, kwa hiyo kuyapata ni kama kuona cheti cha kuzaliwa cha nyota nzito. Maseri ya maji ya gigahezi 22.235 mara nyingi hufuata mahali ambapo jeti inaipiga gesi ya jirani.

Hatua ya tisa: pima mwendo na mabadiliko

Rudi sasa kwenye zile data za zamani. Kasi kwa kilomita kwa sekunde ni 4.74 mara mwendo angani, kwa sekunde za tao kwa mwaka, mara umbali kwa parseki. Fundo lenye kasi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, kwa umbali wa parseki 1,400, husogea sekunde ya tao 0.15 kila mwaka. Katika miaka minane ni sekunde 1.2, ambazo mpangilio A wa VLA huziona wazi, hata B. Martí na wenzake walipima kasi za kilomita 600 hadi 1,400 kwa sekunde kwa njia hii, wakitumia umbali wa kiloparseki 1.7, kwa umbali wa 1.4 namba hizo hushuka hadi takriban 490 na 1,150. Ona jinsi umbali unavyoamua kila kitu, na kila unapoandika kasi, andika pia umbali ulioutumia.

Tengeneza picha za tarehe mbalimbali kwa eneo moja la maumbo na upambanuzi mmoja, kama ulivyofanya kwa fahirisi, na ulinganishe mahali pa fundo na mahali pa galaksi ya nyuma isiyosogea iliyomo kwenye uwanja huohuo.

Halafu pima nguvu ya chanzo cha kati katika kila tarehe. Mwaka 2015 nyota changa nzito ya S255IR NIRS3 ilipata mlipuko wa ghafla wa kumeza gesi, maseri yake ya methanoli yakawaka, na mwangaza wake wa infraredi ukapanda. Redio yake haikubadilika wakati ule. Ilianza kupanda Julai 2016, miezi 13 hivi baadaye, wakati gesi mpya iliyorushwa ilipofika mahali inapoweza kuonekana kama jeti. Kwa hiyo nyota uliyoichagua ikiwa na uchunguzi wa tarehe kadhaa katika hifadhi, zipange nguvu zake zote kwenye mchoro mmoja pamoja na tarehe za maseri kama zipo, na ukiona inapanda, itafute mara moja katika data ambazo zimetoka kuwa wazi mwezi huu.